Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza: kuwatambua ndege wadogo wahamao, Dodoma

Vitabu vingi vya kutambua ndege vimeandikwa kwa macho ya Ulaya. Ukivifuata kwa tarehe utatoka na darubini mwezi wa tisa, majani yanapopukutika kule kaskazini na ndege wadogo wanapoondoka. Dodoma mwezi huo kuna upepo, vumbi na migunga iliyobaki miiba. Ndege wako njiani, ila hawajafika. Wengi wao hutua kwanza Sudan na Ethiopia, hukaa huko wiki kadhaa wakila na kujaza mafuta mwilini, kisha husogea kusini kadiri ukanda wa mvua unavyoshuka. Ndiyo maana mwangaliaji wa ndege wa huku kati anahesabu siku zake kuanzia mvua ya kwanza ya maana, ile inayolowesha udongo mpaka ukichimba kwa vidole hukuti vumbi. Mara nyingi huja kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba.

Sisi hatuna vuli kama wenzetu wa Moshi au Dar es Salaam. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo chakula hakiji kidogo kidogo, kinaripuka. Siku moja au mbili baada ya mvua kumbikumbi wanatoka ardhini. Ndani ya wiki moja migunga inavaa kijani kipya, na majani hayo laini yanajaa viwavi. Wiki ya pili hadi ya nne baada ya mvua hiyo ndiyo bora kuliko zote. Kama una likizo ya siku chache tu kwa mwaka na unapenda ndege, iweke hapo.

Hata hivyo hawaji wote pamoja. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wanaonekana mapema, Septemba na Oktoba, kwa sababu wanakula angani na hawategemei jani. Ndege wa kuvizia wadudu, Muscicapa striata, huanza kuonekana Oktoba. Wadogo wa majani wanafuata kuanzia mwisho wa Oktoba, wachache wachache, kisha kwa wingi mvua inapogonga. Mbwigu wa mgongo mwekundu, Lanius collurio, hupita hasa Novemba na Desemba. Wa mwisho ni Acrocephalus palustris, ndege wa kahawia wa vichakani, anayeweza kukukuta umeshakula Krismasi. Ukimkosa ndege fulani tarehe 20 Novemba usimfute. Huenda zamu yake bado.

Kuhusu majina: mtaani wote hawa ni "videge" au "shomoro", na jina la mtaani halitakusaidia kutenganisha aina 10 zinazofanana. Kwenye daftari andika jina la kisayansi. Ni zito kwa wiki ya kwanza tu.

Kabla ya kumtafuta mgeni, mjue mwenyeji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaona ndege mdogo mwenye njano tumboni juu ya mgunga, anaandika mhamaji, na kumbe ni Eremomela icteropygialis anayekaa hapo miezi yote 12. Tumia Agosti na Septemba, wakati matawi ni matupu na hakuna wageni, kujifunza wakazi watano au sita wa mtaa wako. Eremomela ana mkia mfupi, mgongo wa kijivu, na njano inaanza tumboni kwenda chini huku kidari kikiwa cheupe kijivu. Sylvietta anaonekana kama amekatwa mkia kabisa, na anatembea juu ya gome la tawi. Camaroptera husimamisha mkia na kulia kama mwanambuzi kichakani. Prinia ana mkia mrefu mwembamba anaouchezesha huku na huku. Chozi jike hana rangi ya kumtambulisha, lakini mdomo wake umepinda, na hilo peke yake linatosha. Ukiwajua hao kwa sauti na kwa umbo, mgeni atajitokeza mwenyewe kwa sababu hafanani na yeyote kati yao.

Mgeni wa kuanza naye ni Phylloscopus trochilus. Ndiye utakayemwona kuliko wote. Ana urefu wa sentimita 11 hadi 12 na uzito wa gramu 8 hadi 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari, na baadhi ya wanaofika upande huu wa Afrika wameanguliwa Siberia, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka mgunga waliokalia. Juu ana kijani kilichochanganyika na kijivu, chini weupe wenye njano hafifu. Watoto wa mwaka huo huwa na njano zaidi kidarini kuliko wazazi. Juu ya jicho kuna mstari mrefu mweupe-njano wa nyusi, na chini yake mstari mweusi unaopita jichoni. Miguu ni kahawia hafifu.

Rangi, lakini, inadanganya. Jua la saa nne likishakuwa kali njano yote inaoshwa, na kivulini kijani kinakuwa kahawia. Mtazame anavyokwenda. Hatulii sekunde tatu. Anaruka kitawi hadi kitawi kwa mruko mfupi, anachungulia chini ya majani, anapapatisha mabawa kidogo kana kwamba anataka kuondoka, kisha haondoki. Akiona kitu kwenye ncha asikoweza kukanyaga, anasimama hewani mbele ya chipukizi kwa nusu sekunde, anachomoa kiwavi kidogo kama punje ya mchele, anarudi tawini, anameza. Na ukimpata akiwa upande wako, angalia ncha za mabawa zilivyokunjwa: zimepita mbali juu ya mkia. Bawa refu lenye ncha ni la msafiri. Mkazi asiyevuka hata wilaya ana bawa fupi la mviringo. Hii ndiyo alama moja ninayoiamini kuliko zote kwa ndege wadogo wa huku, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Sauti yake ya kawaida ni silabi mbili zinazopanda, "huu-iit", laini kama mtu anayeuliza. Ukishaizoea utaisikia kwenye miarobaini ya mjini, nje ya ofisi na shuleni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuangalia juu.

Jambo la kumchanganya hata mzoefu: trochilus hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, jambo adimu sana kwa ndege, na mara moja kati ya hizo anafanyia akiwa Afrika. Januari na Februari basi unaweza kumwona akiwa na pengo kwenye bawa au mkia nusu, na ukadhani umepata Sylvietta. Rudi kwenye nyusi na mwendo. Sylvietta hasimami hewani, wala hana mstari mkali wa njano juu ya jicho.

Baada ya huyo, shuka chini kwa macho. Mti wa nyika una ghorofa, na kila mgeni ana ghorofa yake. Trochilus anakaa juu, mita 3 hadi 8. Kwenye vichaka vya mkole na mswaki, mita moja au mbili kutoka ardhini, mtafute Curruca communis, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Sylvia communis. Ni mkubwa kidogo, koo ni jeupe kabisa kama pamba, na bawa lililokunjwa lina kingo za kahawia-nyekundu iliyokolea. Mkia una kingo nyeupe zinazoonekana anaporuka. Huyu ni mgomvi. Ukisogea karibu na kichaka atakukaripia kwa sauti ya kukwaruza, "chaa, chaa", na wakati mwingine atapanda juu kukutazama, akiwa amesimamisha manyoya ya utosi. Mswaki ukizaa, mtafute hapo, maana yeye na Sylvia borin hula matunda madogo pamoja na wadudu. Sylvia borin ni ndege asiye na alama: kahawia kijivu, kichwa cha mviringo, mdomo mfupi mnene, jicho jeusi linaloonekana kubwa. Kukosa alama ndiyo alama yake. Ukiona ndege wa umbo la kuvimba kidogo, hana nyusi, hana rangi, anasogea taratibu ndani ya kivuli, andika borin kisha mthibitishe kwa mdomo.

Kwenye migunga mikubwa ya kando ya makorongo ya mchanga kuna mwingine, Iduna pallida. Kijivu cha mchanga, paji limelala, mdomo mrefu mpana kwenye shina. Huyu anatambulika kwa mkia: kila baada ya kuruka anaushusha chini, chini, chini, kama mtu anayepiga pampu, na kila mara anatoa "chek". Mkia wa trochilus unatikisika pia, lakini bila mpango. Ukimwona ndege wa umbo hilohilo lakini mkubwa zaidi, wa kijivu, mwenye mdomo mkubwa ambao taya la chini ni la njano ya chungwa, na mwanga mweupe kwenye bawa lililokunjwa, basi huenda ni Hippolais olivetorum. Huyo chukua muda wako. Piga picha hata kama ni mbaya, kwa sababu mdomo ndio ushahidi, na picha yenye ukungu bado inaonyesha rangi ya taya.

Ghorofa ya chini kabisa, kwenye majani makavu ndani ya kichaka kizito, yupo Luscinia luscinia. Utamsikia mara 20 kabla ya kumwona mara moja. Anatoa "krrr" kavu kama chura mdogo, na Novemba na Desemba huimba, hata akiwa safarini, noti nene zenye mdundo. Usiingie kichakani. Kaa mita 8 kutoka kwenye uwazi mdogo kati ya vichaka viwili, chini, jua likiwa mgongoni mwako, na usitikisike dakika 20. Anavuka uwazi kwa kuruka-ruka ardhini, mkia wake wa hudhurungi-nyekundu ukipanda na kushuka. Unachopata ni sekunde mbili. Zinatosha.

Wale wa kukaa wazi ni rahisi zaidi, na ningemshauri anayeanza aanze nao. Muscicapa striata anakaa wima kwenye tawi kavu au waya wa shamba la zabibu, anaruka kumdaka mdudu hewani, anarudi palepale. Ana michirizi myembamba kwenye paji na kidari. Shida ni kwamba nyika ya Dodoma ina mkazi anayefanana naye mno, Bradornis microrhynchus: kijivu, mwenye michirizi utosini. Tofauti ni tatu. Mkazi hana michirizi kidarini, kichwa chake ni cha mviringo zaidi, na bawa lake ni fupi. Halafu mkazi mara nyingi yuko na wenzake wawili watatu wanaofuatana mti hadi mti, wakati mgeni yuko peke yake.

Mbwigu hawahitaji darubini ya bei. Dume la Lanius collurio ana kichwa cha kijivu, barakoa nyeusi, mgongo wa rangi ya udongo wa matofali. Jike na watoto ni kahawia wenye mistari midogo ya nusu mwezi kidarini, na hao ndio wengi. Lanius isabellinus ana rangi ya mchanga na mkia mwekundu unaowaka anaporuka. Lanius minor ni wa kijivu, na weusi wa barakoa unapanda hadi kwenye paji. Ukitaka kumwona mbwigu kazini, tafuta mgunga mdogo karibu na alipokaa asubuhi uangalie miiba yake kwa karibu, sentimita 30. Utakuta mende amechomekwa katikati ya mgongo, mwiba umetokea upande wa pili, miguu bado inacheza. Pembeni panzi asiye na kichwa. Chini yake bawa la kumbikumbi limenasa. Miguu ya mbwigu si ya kushika na kurarua kama ya mwewe, kwa hiyo mwiba unakuwa mkono wake wa pili. Usiondoe kitu. Atarudi.

Uwanda wa majani mafupi una mgeni ambaye safari yake inashinda zote. Oenanthe oenanthe huzaliana mpaka Alaska, na vifaa vidogo walivyofungwa baadhi yao vilionyesha mwaka 2012 kuwa wa Alaska wanavuka Asia nzima kuja Afrika Mashariki, wastani wa kilomita 14,500 kwenda tu. Anasimama juu ya kichuguu au jiwe, anakimbia, anasimama tena. Akiruka unaona weupe juu ya mkia na mkia wenye alama nyeusi kama herufi T iliyopinduliwa. Mkazi wa kumchanganya ni Oenanthe pileata mwenye mkanda mweusi kidarini, lakini mtoto wake hana mkanda uliokamilika, hapo ndipo makosa hutokea. Nyasi za upande wa Kongwa ni mahali pazuri kwake. Omba ruhusa kwa wenye malisho kabla ya kuingia.

Maji ni sura nyingine kabisa. Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini-mashariki mwa jiji, ina matete pembezoni mwa bwawa, na humo wanaingia Acrocephalus schoenobaenus, mwenye nyusi pana za rangi ya maziwa na mgongo wenye michirizi, na Acrocephalus arundinaceus, mkubwa kiasi kwamba matete yanainama anapotua. Simama mahali pamoja utazame shina la tete linalotikisika bila upepo. Bahi, mpunga ukishapandwa na ng'ombe wakiwa wanachunga, kuna Motacilla flava miguuni mwa ng'ombe wakidaka nzi. Wakifika ni wa rangi iliyochujuka, na kujaribu kuwagawa kwa jamii zao Novemba ni kupoteza siku. Ngoja Februari na Machi wakishabadili manyoya: kuna wenye kichwa cha njano, cha kijivu-bluu, na cheusi, katika kundi moja.

Acrocephalus palustris anastahili aya yake. Kwa macho ni kahawia tu. Wengi wao hupita kwenda kusini zaidi, wakipumzika kwenye majani marefu na vichaka vilivyolowa. Lakini msikilize. Dume hutengeneza wimbo wake kwa kuiga ndege wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichambua nyimbo zao Ubelgiji na mwaka 1979 akaonyesha aina 212 zilizoigwa, na kati ya hizo 113 ni za Afrika. Ndege anayeimba kando ya mto Ubelgiji mwezi Juni anawasimulia majirani zake sauti alizookota huku. Ukimsikia Januari akinong'ona ndani ya kichaka, mrekodi kwa simu kwa dakika mbili nzima, kisha ukae na mtu anayejua sauti za wakazi mhesabu wangapi mnawatambua.

Saa ya kutoka. Novemba mwishoni jua linachomoza Dodoma kwenye saa 12:10 asubuhi. Uwe umeshafika saa 12 kamili. Hawa ndege wanasafiri usiku na kutua alfajiri wakiwa na njaa, kwa hiyo saa mbili za kwanza zinabeba kila kitu. Kufika saa 3:30 joto linawafunga mdomo. Jioni kuna nafuu kuanzia saa 10, hasa kwenye kidimbwi. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku ni bora mara nyingi kuliko asubuhi kavu, na usiku usio na mwezi wenye ukungu na mvua huwashusha kwa wingi. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, watafiti wamelitumia jambo hilo tangu 1969: usiku wa namna hiyo wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta wahamiaji, wakanaswa kwa nyavu laini, wakavishwa pete yenye namba mguuni na kuachiwa.

Huna haja ya kwenda mbali. Vichaka vya milima ya Ntyuka, kingo za makorongo, bustani zenye miarobaini na mikwaju, ua wa minyaa unaozunguka mashamba, vyote vinafaa. Kiangazi, kabla mvua haijafika, mtafute Faidherbia albida kando ya mito ya mchanga. Mti huo hushika majani wakati mingine imepukutisha, kwa hiyo wageni wa mapema wa Oktoba wanajikusanya juu yake. Mti mmoja wa namna hiyo, dakika 30, unaweza kukupa zaidi ya kilomita tano za kutembea.

Darubini ya 8x42 inatosha na kuzidi. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. 10x42 inavutia dukani, lakini inatikisika mkononi, uwanja wake ni mwembamba, na ndege asiyetulia sekunde tatu ameshahama kabla hujampata. Hakikisha inaona vizuri hadi mita 2 au 3. Kuirekebisha: funika lenzi ya kulia, tazama kitu chenye kingo kali umbali wa mita 30 kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka kikae sawa. Kisha funika ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia peke yake. Kumbuka alama ya pete hiyo, usiiguse tena. Ukivaa miwani, kunja vikombe vya macho. Unapomwona ndege usimwondolee macho. Inua darubini ije mbele ya macho yako, si macho yaende kwenye darubini.

Vumbi la Dodoma ni adui wa kioo. Lina mchanga mkali ndani yake, na kufuta lenzi kavu kwa kitambaa au shati ni kuipiga msasa. Puliza kwa kipulizio cha mpira, piga kwa brashi laini, kisha ndiyo kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo, kwa mzunguko kutoka katikati. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kwenye daftari andika saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, siku ngapi tangu mvua, mti gani, urefu gani, na idadi. Namba, hata ya kukadiria, ni bora kuliko alama ya X ambayo eBird, daftari la mtandaoni la waangaliaji wa ndege, inaikubali, kwa sababu X moja na X hamsini zinafanana. Ukitaka kulinganisha mwaka hadi mwaka, chagua vituo 10 vilivyoachana mita 100, simama dakika 10 kila kimoja, hesabu walio ndani ya mita 30, na urudi kila wiki saa ileile. Usibadili vituo kwa sababu kimoja kimekuwa na ndege wachache. Uchache huo ndio data. Programu za simu za kutambua sauti zisaidie, zisihukumu: nyingi zina nguvu kwenye wimbo, na hawa wageni muda mwingi wanatoa mlio mfupi tu. Kuwachezea wimbo wao kwa spika ili wajitokeze siafiki. Ndege aliyefika na gramu 8 anahitaji kila dakika ya kula.

Vijijini, pita kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti, useme unafanya nini. Ukikutana na mzee na mifugo, "Shikamoo mzee" na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, zinafungua njia, na swali la kumuuliza ni lambo gani bado lina maji. Mjini, kumbuka ni makao makuu: usielekeze darubini kwenye majengo ya serikali, kambi wala mitambo, hata kama mbwigu amekaa juu ya uzio wake. Usikanyage maji yaliyotuama kwa miguu mitupu. Kichocho hakichagui mpenda ndege. Chunguza mbuyu kwa nyuki kabla ya kuegemea. Na mahali paliponyunyiziwa sumu ya kwelea kwelea, usiguse ndege aliyekufa kwa mkono mtupu.

Ukimkuta ndege mfu mahali pengine, tazama mguu kama una pete. Pete ni ya aluminiamu, nyembamba kama karatasi, maandishi madogo sana. Ipige picha kwa simu pande zote, kisha nakili kila herufi na kila namba kwa mpangilio uliopo, pamoja na jina la nchi au makumbusho lililochorwa. Tuma hayo kwa waliotajwa kwenye pete, ukieleza tarehe, kijiji, na hali ya mzoga: mbichi, mkavu au mifupa. Kama ndege yu hai, soma pete bila kuivua, umwachie.

Machi wanaanza kuimba. Trochilus aliyekuwa akisema "huu-iit" tu sasa anamwaga wimbo unaoshuka ngazi, laini, unaofifia mwishoni, kutoka juu ya mgunga ulioshiba mvua. Ana manyoya mapya na ameanza kunenepa kwa safari. Kufika katikati ya Aprili mbwigu wa mgongo mwekundu wanarudi kutoka kusini wakipita haraka, madume yakiwa na rangi kamili, kisha ghafla hakuna. Hapo usifunge daftari. Tarehe ya mwisho ya ndege kuonekana huijui siku unapomwona. Unaijua kwa kurudi kwenye vituo vilevile 10 wiki mbili zinazofuata na kuandika sifuri kila kimoja.